Kamera ya Kuichunga Kamera

Vijana wangu mnaoshika bisibisi siku hizi, nianze na jambo dogo. Mtu akija mbio kukuambia kamera imeharibika, usiende kwenye kamera. Nenda mlangoni, uulize nani aliingia mara ya mwisho na aliingia kufanya nini. Nimefanya kazi ya kufunga kamera kwenye chemba za majaribio mpaka nimestaafu, na kamera zilizoharibika kweli ni chache, naweza kuzikumbuka moja moja kama majirani waliohama. Nyingine zote zilikuwa nzima. Zilikuwa zinaona kitu ambacho sisi hatukukitarajia, tukazilaumu.

Chemba ninayoisema ni chumba kidogo, mara nyingine hakizidi kabati la nguo. Watafiti hufungia humo mimea, wadudu au mbegu, kisha wanapanga wenyewe joto, unyevu na mwanga. Ukifungua mlango uchungulie umeshavuruga, maana umeingiza baridi ya Mbeya na pumzi yako. Ndiyo sababu tunaweka kamera ichungulie badala yetu. Kazi inaonekana nyepesi. Mnapigilia kamera ukutani, mnachomeka waya, mnakwenda kunywa chai. Nami nilidhani hivyo.

Kamera yangu ya kwanza kwenye chemba yenye joto na unyevu ilitoa picha nyeupe tupu. Nikaleta ya pili, nayo nyeupe. Nikaanza kumtukana moyoni aliyezitengeneza. Jibu nililipata nyumbani jikoni. Nilikuwa nimetoka nje kwenye baridi ya mwezi wa saba, nikainamia sufuria ya maharage yanayochemka, na miwani yangu ikafunikwa na ukungu nisione hata mwiko. Kamera zetu zilitoka stoo yenye baridi, zikaingia moja kwa moja kwenye joto la chemba, lenzi ikatoka jasho. Tangu siku hiyo kamera yoyote ya kwenda kwenye chemba ya joto niliipasha kwanza. Kama sikuwa na kifaa cha kuipashia, niliiweka kifuani ndani ya sweta na kuendelea na kazi nyingine. Mwanafunzi mmoja wa mafunzo alinikuta hivyo kwenye korido.

"Mama Fundi, inanyonya?"

"Inanyonya," nikamwambia. "Tena huyu ana njaa, nenda kaniletee chai nisije nikakauka."

Msidharau mambo ya namna hiyo. Kitabu kinachokuja na kamera kimeandikwa na mtu ambaye hajui utaifunga wapi.

Ufundi wenyewe niliuanzia Iringa mjini, kwenye studio ya picha za paspoti ya Mzee Abdala. Alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno machache. Kila asubuhi alinipa picha moja mbovu, akaniuliza taa ilikuwa wapi wakati inapigwa. Hakutaka kusikia kwamba aliyepigwa amefumba macho au kola imekaa upande. "Sikukuuliza habari za mtu, bibie. Nimekuuliza taa." Nilikuwa natafuta kivuli chini ya pua, chini ya kidevu, nyuma ya sikio, kisha namwonyesha kwa kidole mwanga ulikotoka. Nikikosea ananipa picha ileile kesho yake. Kuna sura za watu wa Iringa ambao sikuwahi kukutana nao, lakini vivuli vya pua zao navijua mpaka leo.

Kwa hiyo nilipoajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa mazao, pembezoni mwa jiji la Mbeya, nilishakuwa na tabia ya kuuliza taa iko wapi. Kilichonishangaza ni kwamba humo zipo taa ambazo jicho halizioni. Chemba nyingi huwekwa gizani, na kamera hupiga picha kwa mwanga wa infraredi. Sisi tunaona giza, kamera inaona mchana, ila mchana usio na rangi. Ukitaka kujua kama taa hiyo inawaka, chukua simu yako uielekeze pale. Simu nyingi zitaonyesha nukta ya zambarau ambayo macho yako hayaioni. Jaribuni leo na rimoti ya televisheni, bonyezeni huku mkiitazama kupitia simu. Wajukuu zangu nilipowaonyesha walimaliza betri za rimoti mchana mmoja.

Sasa niwaambie habari ya viazi.

Daktari Rehema, mtafiti niliyefanya naye kazi muda mrefu, alikuwa na jaribio la mbegu za viazi mviringo. Vikundi vitatu vya wakulima vilileta mbegu zao, zikapangwa kwenye trei ndani ya chemba moja yenye giza, kama giza la nyumba wanamohifadhia wakulima wengi. Alitaka kuona mbegu ya nani itatoa machipukizi mafupi yenye nguvu, na ya nani itatoa marefu dhaifu. Aliyekuwa akilisubiri jibu hilo kuliko wote ni Mzee Salum, mfanyabiashara wa Iringa mwenye duka la mbegu na ghala la vitunguu. Yeye alikuwa na shida moja tu, barabara. Alinunua mbegu Mbeya zimechipua vizuri, akazipakia kwenye lori, na akifika Iringa machipukizi yamekatika yote.

"Nafungua gunia nakuta yamelala chini kama njiti za kiberiti," alituambia. "Mkulima ananunua kwangu, anapanda, hakioti kitu, anarudi kunitukana mbele ya wateja."

Akaahidi kwamba kikundi ambacho mbegu yake itatoka vizuri, atanunua kwake mzigo wake wote wa msimu.

Kikundi kimojawapo kilikuwa cha Mama Lugano, mkulima wa milimani juu ya jiji. Yeye hakutuma mzigo, aliuleta mwenyewe, amevaa nguo za kanisani. Alikuwa amewaomba wenzake wasiuze hata debe moja kwa wachuuzi wanaopita, wote wamsubiri Mzee Salum, nao wakamkubalia. Viazi vyote vya kikundi vilikuwa ndani, na wachuuzi walishaanza kwenda kununua vijiji vingine. Kwenye kila trei yake alifunga kipande cha kitenge chekundu, kama watu wanavyofunga kwenye mizigo yao wanapopakia basi, ili mali yake isichanganyike na ya watu.

Ambokile, mhudumu wa chemba, akazipanga trei hizo mstari wa mbele kabisa, chini ya kamera. Hakuna aliyemuuliza. Mgeni amefika mwenyewe, amepanda gari, amevaa vizuri, utamkalishaje nyuma? Kwenye harusi tunafanya hivyo, msibani tunafanya hivyo, na kumbe tunafanya hivyo hata kwa viazi. Vya vikundi vingine, ambavyo vililetwa na dereva tu, vikakaa nyuma.

Tukafunga mlango. Kamera ikawa inapiga picha kila baada ya muda, kwa infraredi, na niliipanga ipige feni ya chemba ikiwa imetulia, ili picha isitikisike. Zikaja picha safi kuliko zote nilizowahi kupata. Mstari wa mbele ulikuwa na machipukizi mafupi, manene. Nyuma yalikuwa marefu na membamba kama tambi. Daktari Rehema akafurahi. Akamtumia Mzee Salum picha chache, naye akajibu kwa ujumbe wa sauti, "Hizo za mbele ndizo ninazozitaka, wallahi." Mama Lugano akapigiwa simu, na vigelegele vyake vikasikika mpaka kwenye meza yangu.

Mimi sikupiga kigelegele. Kulikuwa na trei moja iliyoninyima raha.

Mstari wa mbele ulikuwa umebakiza nafasi, na Ambokile akaijaza kwa trei ya kikundi kingine, ameipachika kwa upande. Nusu ya trei hiyo ilikuwa mbele, nusu imeingia mstari wa nyuma. Nusu ya mbele ilikuwa na machipukizi mafupi, nusu ya nyuma marefu. Trei moja, mkulima mmoja, shamba moja. Niliitazama picha hiyo nikajikuta nauliza swali la Mzee Abdala. Taa ilikuwa wapi?

"Ambokile, kuna mtu amefungua mlango?"

"Hakuna, Mama Fundi. Ufunguo ninao mimi."

"Balbu ya ndani?"

"Uliitoa mwenyewe, iko kwenye droo yako."

Nikapekua picha zote, zote giza la kawaida. Hapo nikajua kwamba kamera haiwezi kunijibu, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa linaihusu. Nikahitaji jicho jingine. Simu yangu ilikuwa imejaa picha za wajukuu, kwa hiyo nikaomba ya Ambokile, niiweke humo ndani irekodi video mpaka mchana.

"Na mke wangu akipiga?"

"Viazi vitapokea."

"Mama Fundi, wewe hujamjua mke wangu. Viazi vyenyewe vitakoma."

Tulipoitoa tukakaa kuitazama sote wawili. Giza. Giza tena. Ambokile akaanza kupiga miayo. Kisha ikasikika feni inaanza kuvuma, na papo hapo mwanga mweupe ukawaka, mkali, ukaangukia mstari wa mbele. Kwenye mwanga ule tukaona vipande vya kitenge chekundu vinapepea kwenye upepo wa feni. Feni ikazima, vitambaa vikatulia, baada ya kitambo taa nayo ikazima. Ikaja feni nyingine, taa nyingine.

Kamera ile ilikuwa ya aina inayouzwa kwa ajili ya kulinda maduka. Ikiona kitu kinatikisika gizani inawasha taa nyeupe kumtisha mwizi. Nilipoifunga niliizima tabia hiyo. Lakini umeme ulikatika siku moja ukarudi kwa kishindo, na kamera ikarudia mpangilio wake wa kiwandani, isipokuwa ratiba ya kupiga picha, ambayo ilikaa kwenye kompyuta ya nje. Picha zetu hazikuonyesha taa kwa sababu zilipigwa feni ikiwa imetulia, wakati ambao hakuna kinachotikisika.

"Kumbe siku zote hizi ilikuwa inakimbiza mwizi," Ambokile akasema.

"Inakimbiza kitenge cha mgeni wako."

Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Na Mama Lugano tumeshamwambia ameshinda."

Daktari Rehema aliitazama video akiwa amesimama, hakukaa. Hakuhitaji maelezo. Chipukizi la kiazi likipata mwanga hubaki fupi, likikaa gizani hurefuka kutafuta njia. "Nalifundisha kila mwaka," akasema. "Lakini taa nilizozitafuta ni za ukutani na za darini. Sikufikiria kutafuta taa ndani ya jicho linalotazama."

Ambokile akajaribu, kwa sauti ya chini, "Tukinyamaza je? Mbegu yake si mbaya."

"Hujui kama si mbaya," nikamwambia. "Wala mimi sijui. Hilo ndilo tulilokuwa tunaulizwa."

Vijana, kazi yetu haina ugumu mkubwa kuliko huo. Kutengeneza kamera unajifunza. Kumwambia mtu aliyekwisha kushangilia kwamba picha iliyomfurahisha haisemi alichodhani inasema, hilo hakuna anayekufundisha.

Daktari akawaita Mama Lugano na Mzee Salum. Mzee Salum alikuwa Chimala kwenye mambo ya mchele, akapanda Mbeya siku iliyofuata. Mama Lugano akashuka kutoka milimani. Tukawawekea video, Daktari akaeleza bila kuzunguka.

"Kwa hiyo mnaniambia mbegu yangu mbaya?" Mama Lugano akauliza.

"Hapana, mama. Tunasema hatujui."

"Hamjui!" Akainuka. "Nimezuia watu kuuza viazi vyao. Kuna mtu ana mtoto wa kupeleka shule, anaitazama stoo yake, anamtazama Mama Lugano. Leo niende nikawaambie wataalamu hawajui?"

Mzee Salum akavua kofia yake, akaitazama ndani kama ana kitu amekiweka humo. "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini ahadi yangu ilikuwa ya mbegu bora, haikuwa ya taa bora."

Mama Lugano akakaa. Nami nikashika simu ya Ambokile niizime, nione hata pa kuweka mikono. Ndipo akaniambia, "Mama Fundi, usizime. Rudisha pale inapowaka."

Nikarudisha. Akaisogelea, akatazama.

"Inawaka kwa muda gani?"

"Kidogo tu. Feni ikivuma, inawaka. Ikitulia, inazima."

"Na kidogo hicho ndicho kimefanya hivi?" Akachukua kiazi cha mstari wa mbele na cha nyuma kutoka kwenye trei tulizozitoa. Akasukuma chipukizi la nyuma kwa kidole, likadondoka mezani. Akasukuma la mbele, halikutikisika. "Mimi viazi naweka darini, nafunika na majani visione mwanga hata kidogo. Mama yetu alitufundisha hivyo, kwamba vikiona mwanga vinageuka kijani, vinakuwa vichungu."

"Vya kula ni kweli, mama, tena ni sumu," Daktari akasema. "Vya mbegu havina neno. Vinataka mwanga, ila si jua kali la moja kwa moja."

Mama Lugano akamgeukia Mzee Salum. "Baba, wewe unataka mbegu iliyoshinda, au unataka chipukizi lisilokatika njiani?"

Mzee Salum akacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa. "Nataka lisilokatika."

"Basi nipe muda mdogo, mvua hazijaanza."

Mzee Salum akapiga hesabu. "Niletee gunia moja Iringa. Lori lilelile, barabara ileile, wapakiaji walewale wasio na huruma. Nikifungua yakawa mazima, nachukua vyote. Yakiwa njiti za kiberiti, tusilaumiane."

Daktari Rehema akalirudia jaribio, safari hii bila kitenge, taa imezimwa na mimi mwenyewe, betri ya akiba imefungwa ili umeme usije ukatuchezea tena, na trei zinabadilishana nafasi ili asiwepo wa kukaa mbele daima. Ndani nikaacha kamera ya pili, ndogo, isiyo na kazi nyingine ila kuitazama ile ya kwanza. Tangu hapo sikufunga chemba bila kamera ya kuichunga kamera. Matokeo yakaja, mbegu za vikundi vyote vitatu zikawa sawa. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa.

Mama Lugano hakuyasubiri. Alitengeneza vichanja vya mianzi chini ya upenu wa nyumba, akapanga viazi tabaka moja moja, mahali penye mwanga lakini jua halifiki. Nilipanda kwenda kuona, sikuweza kujizuia. Jirani zake walikuwa wanapita wanamcheka kwamba siku hizi anaanika viazi kama dagaa. Yeye akawajibu kwamba na dagaa wakitaka kuchipua walete. Lakini aliponisindikiza njiani aliniuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Mama Fundi, visipofika je? Hawa watu niwaambie nini?"

Gunia liliposafiri, nilikuwa nakwenda likizo kwetu, upande wa Tosamaganga, nikapanda gari na Mama Lugano mpaka Iringa tuliwahi lori. Lilifika limejaa vumbi. Wapakiaji wakalishusha gunia letu walivyozoea, yaani wakaliachia. Mama Lugano akafumba macho liliposhika ardhi.

Mzee Salum akalikata uzi mwenyewe. Hakuchukua cha juu. Akapitisha mkono mpaka kwenye bega, akatoa kiazi cha chini kabisa. Machipukizi yake yalikuwa mafupi, ya zambarau, yamekaa kama vifungo vya koti. Akasukuma moja kwa dole gumba. Akasukuma tena, kwa nguvu.

Akatoa kingine, na kingine. Viwili vitatu machipukizi yake yalikuwa yamekatika, akaviweka pembeni. Mama Lugano alikuwa ameshika ncha ya khanga yake kwa mikono miwili. Mzee Salum akaendelea mpaka sakafu mbele yake ikajaa viazi, kisha akasimama, akajipangusa mikono, akageukia vijana wake wa ghalani.

"Toeni vile vitunguu kwenye kona ile, panahitajika nafasi."

"Gunia moja linataka kona nzima?" Mama Lugano akauliza.

"Gunia moja gani, mama? Si umeniambia kuna stoo zimejaa huko juu?" Kisha akanyoosha mkono kwenye dirisha la ghala, lililozibwa kwa mbao miaka yote. "Na zile mbao zibandueni leo leo. Viazi vya mama vinataka mwanga."